Kempa ya kukokota au gari la kulala: hesabu ya mtu wa Malindi

Ukiwa Malindi, barabara za kukutia hamu ya kulala safarini ni tatu. Ya kwanza inapita Kakoneni, Langobaya na Chakama hadi lango la Sala la Tsavo Mashariki, kama kilomita 110. Ya pili ni ya Marafa, kwenye korongo la Nyari. Ya tatu inapanda Garsen na Witu hadi Mokowe. Wenye hamu hiyo hugawanyika: kuna wanaotaka kempa ndogo ya kufunga nyuma ya gari walilonalo, na kuna wanaotaka gari la kulala, yaani injini, kitanda na jiko chini ya paa moja.

Bei ndiyo inayotajwa kwanza, na mara nyingi hupotosha. Kempa ni rahisi kwa mwenye Prado au Hilux tayari. Mwenye Probox akitaka kempa ya kilo 700 inabidi ahesabu na gari la kuivuta, na hapo tofauti ya bei huyeyuka. Gari la kulala nalo lina mtego wake bandarini: Kenya haipokei gari lililopita miaka minane, wala haisajili la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo magari mengi mazuri ya Ujerumani na Italia hayafai, na unabaki kutafuta Uingereza au Japani. Kempa haina usukani, lakini tazama mlango wake. Zilizoundwa kwa Ulaya bara hufunguka kulia, na kwetu kulia ni katikati ya barabara. Zilizoundwa kwa Uingereza hufunguka kushoto, upande wa majani.

Hoja kubwa ya kempa huonekana ukishafika. Wanyama wa Tsavo huonekana vizuri saa kumi na mbili alfajiri. Mwenye kempa kwenye kambi ya Ndololo, ndani ya Tsavo, huifungua kutoka kwenye gari, akaacha kitanda, meza na sufuria vilivyo, akaondoka. Mwenye gari la kulala hufunga makabati, hukunja turubai, hushusha vyombo, kisha huingia kwenye vijia vya udongo mwekundu na nyumba yake nzima ikitikisika mgongoni. Na gari likigoma, gereji huchukua injini pamoja na kitanda chako. Prado ikigoma, kempa inabaki kuwa chumba.

Upande wa pili una haki yake pia. Anayelala kila usiku mahali papya hana faida ya kufunga na kufungua trela. Kurudi nyuma na trela fupi ni kazi ngumu, kwani hukunja upesi kuliko trela ndefu, na kwenye vichochoro vya Malindi ya zamani hakuna nafasi ya kujifunzia. Mgeni wa kukodi naye hafiki na ndoano ya kuvutia, kwa hiyo anayetafuta biashara atapata wateja wengi zaidi akiwa na gari la kulala.

Udhaifu wa kempa uko chini, kwenye magurudumu. Beringi ndizo zinazokatisha safari. Ukishaenda kilomita 30, simama uguse kila habu, yaani kitovu cha gurudumu: ikiwa vuguvugu, sawa, ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, beringi imekazwa mno au grisi imekufa. Usiingize habu yenye moto kwenye maji ya bahari au ya mto. Hewa iliyo ndani hupoa ghafla, hunywea, na huvuta maji kupitia sili, yaani mpira wa kuyazuia yasiingie. Wiki chache baadaye utasikia mngurumo. Kama fundi anakuundia kempa hapa hapa, mwambie aweke habu za tundu sita kama za Prado au Hiace. Spea yako itaingia pande zote, na beringi utazipata duka lolote la spea mjini. Kagua pia mahali mikono ya kuvutia inapokutana na chesisi. Ndipo chuma hupasuka kwanza, hasa kikichomelewa bila bamba la kuongeza nguvu. Chesisi iliyopakwa rangi tu haistahimili upepo wa bahari. Itafutwe iliyochovywa zinki.

Kuyumba ni jambo jingine. Kwa kempa ya kilo 700, uzito unaolalia ndoano ya gari uwe kama asilimia 10, yaani kilo 70 hivi. Ukiweka dumu tatu za maji za lita 20 nyuma ya ekseli, mbele hunyanyuka, na basi likikupita kwa kasi kwenye barabara ya Mombasa mkia huanza kucheza. Usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, ikitulia simama uhamishe mizigo.

Gari la kulala lina hesabu tofauti ya uzito. Lenye kikomo cha kilo 3,500 huweza kufika 3,000 likiwa tupu. Toa watu wanne, maji lita 100, gesi, chakula na betri, na hakuna kilichobaki. Tairi za nyuma ndizo zinazolipa, hata zikiwa na meno mazuri. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, zilizopita miaka sita zibadilishwe. Mkia mrefu nyuma ya ekseli hukwaruza kwenye mitaro, na kimo cha mita tatu hukutana na matawi ya mikorosho na nyaya za umeme. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwenye mchanga wa Mambrui, huchimba shimo lake lenyewe. Kwa mchanga, yoyote kati ya haya mawili hupunguzwa upepo wa tairi, na hujazwa tena kabla ya lami.

Joto halichagui. Kiyoyozi cha wati 900 usiku kucha hula zaidi ya kilowati-saa 4, na paneli ya wati 200 kwa jua letu hutoa kama wati-saa 750 kwa siku. Hizo zinatosha friji ndogo ya volti 12 na feni, basi. Paneli iliyofungwa juu ya paa inakulazimisha uchague kati ya kivuli na umeme. Ya kukunjwa, yenye waya wa mita 10 usio mwembamba, hukuacha ulale chini ya mwembe. Usilale chini ya mnazi.

Kwa Lamu, vyote viwili ni kazi bure. Mokowe unaacha gari na kempa bara, unapanda boti, kitanda chako kinalala ng'ambo bila wewe. Tena wakati wa mvua, maji ya Tana huweza kukata barabara karibu na Gamba.

Anayeelekea kwenye kempa, na kwa familia inayokaa usiku tatu mahali pamoja tunaona ndiyo bora, aende kuitazama na mizani ya bafuni ya kilo 150. Aipakie kama kwa safari, aweke kipande cha ubao juu ya mizani, aegemeze kichwa cha kuungia juu yake kwa kimo cha ndoano ya gari, asome kama imefika ile asilimia 10.