Acheni kuwaambia watu waruke episodi ya 7

Mdogo wangu kaanza kuangalia Stranger Things, ile tamthilia ya kutisha ya Netflix, sasa hivi yuko msimu wa 2, juzi ananiambia eti akifika episodi ya 7 anairuka anaenda moja kwa moja ya 8 kwa sababu hakosi kitu. Nikamuuliza nani kakwambia. Kila mtu, ananijibu. Na ndicho kinachoniudhi, kwamba ni kweli kila mtu anasema hivyo, tangu ule msimu utoke Oktoba 2017 mpaka leo, watu wanarithishana ule ushauri kama vile ni sehemu ya tamthilia yenyewe, na wengi wanaousema sasa hivi hata hawajaiangalia, nao waliambiwa waruke wakaruka.

Kama hujafika huko ishia hapa, maana nasema kila kitu.

Malalamiko nayajua yote. Episodi ya 6 imeishia pabaya, Will, yule mtoto aliyeingiliwa na zimwi, katumika kuwaingiza askari mtegoni, yale majibwa yasiyo na macho yanapanda kutoka shimoni kwenye maabara, Hopper mkuu wa polisi, Joyce mama yake Will na Mike rafiki yake wako ndani, roho iko mkononi, halafu unabonyeza inayofuata unamkuta El, yule binti mwenye nguvu za akili aliyekulia maabara, yuko Chicago na watu ambao huwajui. Inakera, sikatai. Hata mimi niliikasirikia zile dakika za mwanzo. Lakini jamani, episodi zote 9 zilitoka siku moja! Hakuna aliyesubirishwa wiki nzima kujua Hopper kapona au hakupona, episodi ya 8 ilikuwa pale pale, haifiki hata saa moja mbele. Kama saa moja ya kukaa na El imekushinda, basi shida siyo episodi, shida ni kwamba ulishazoea mbio na hukutaka mtu akukanyagie breki.

Lingine, lile genge la Kali, msichana mwingine aliyetoka maabara ile ile, ambaye kwa El ni dada. Hapo nakubali, ila shingo upande. Axel, Mick, Dottie, yule Funshine, wamechorwa haraka haraka, nywele zinaonekana kuliko mtu mwenyewe, na Axel anapiga kelele muda wote bila sababu. Wangepewa muda zaidi au wangepunguzwa wakabaki wawili. Haya, limeisha hilo.

Sasa twende kwenye kitu chenyewe, maana watu wanaongelea genge na nguo na ule wanja mweusi wa El, na kile kilichotokea nyumbani kwa Ray hawakigusi kabisa.

Kumbuka El katokea wapi. Kamkuta mama yake, Terry, kwenye kiti, macho yako mbali, anarudia maneno yale yale, pumua, alizeti, upinde wa mvua, tatu kulia, nne kushoto, 450. Mwanzo unadhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa tu. Halafu El anaingia kichwani mwa mama yake anaona yote, kwamba tatu kulia nne kushoto ni namba za kufungulia sefu alikotoa bunduki ya kwenda kumkomboa mwanae, na 450 ni kipimo cha umeme waliompiga kichwani ili anyamaze. Huyu ni mtoto ambaye maisha yake yote alimwita yule daktari wa maabara Papa. Leo anajua mama yake alimfuata, alifika hadi mlangoni, wakamharibu.

Na aliyekuwa anauendesha ule umeme ni Ray. Sasa El yuko sebuleni kwake, usiku, na yule mtu anajitetea kwamba alikuwa anafanya alichoambiwa na kwamba mama yako alikuwa mgonjwa. El ananyoosha mkono anamkaba bila kumgusa. Na wewe unayeangalia, sema ukweli, unataka afe. Mimi nilitaka afe. Halafu El anaona picha ya watoto wa Ray, mabinti wawili, na anajua wapo humo humo ndani, chumbani. Anamwachia. Kali ananyanyua bastola amalizie, na El huyo huyo aliyekuwa anaua sasa hivi ndiye anayeipeperusha ile bastola kwa akili yake. Hakuna anayemhubiria. Hopper hayupo wa kumwambia hapana, Mike hayupo wa kumwangalia kwa macho ya huruma. Ameamua mwenyewe, mbele ya Kali, dada yake, ambaye anajua kabisa atamkasirikia.

Niambieni ni wapi kwingine kwenye msimu wa 2 El anaamua kitu kikubwa hivyo akiwa peke yake. Kabla ya hapo alikuwa anafichwa na Hopper kwenye kile kibanda msituni, kabla ya hapo alikuwa wa Papa. Watu wanaita episodi ya kujazia. Mimi naona hapa ndipo tunamjua El ni nani pale ambapo hakuna mtu wa kumlinda wala wa kumwokoa.

Na tamthilia za kutisha za vijana zinaishi au zinakufa kwa hilo. Zimwi tu halitoshi. Zimwi litakutisha mara moja, mara ya pili umeshalizoea, kinachokubakiza pale ni kuogopa huyu mtoto atageuka kuwa nini. El ana nguvu za kuvunja mtu shingo, tuliona tangu msimu wa 1. Kwa hiyo swali la kutisha kuliko yote ndani ya Stranger Things nzima ni hili, je akifundishwa kuchukia itakuwaje? Na ndicho Kali anachomfundisha pale kwenye behewa la treni, tafuta kinachokukasirisha kisha kitumie, na linafanya kazi, behewa zima linasogea na El anacheka kwa furaha. Mimi pale niliogopa kuliko kwenye mahandaki yote ya Hawkins, ule mji wao.

Halafu angalia episodi ya 9. El anafunga lile lango ambako mazimwi yanatokea, nguvu zinamwishia, damu inatoka puani, na kinachomrudia kichwani ni yale ya Chicago, yale maneno kwamba una jeraha, limeoza, litakuua. Anapanda hewani kwa hasira ile ile aliyofundishwa na Kali, tofauti ni kwamba safari hii anaitumia kulinda watu. Ukiruka ya 7 unabaki unaona mtoto anapiga kelele mbele ya mwanga mwekundu. Hata ndugu Duffer, waliotunga tamthilia yenyewe, walishasema kwamba walijaribu kuitoa ile episodi wakaona safari ya El inasambaratika na mwisho haufanyi kazi.

Na hata mwanzo wenyewe wa msimu! Sekunde za kwanza kabisa za msimu wa 2 haziko Hawkins, ziko Pittsburgh, polisi wanafukuza gari, handaki linaporomoka mbele yao, kumbe halijaporomoka, ni Kali ndani ya gari, damu puani, namba 008 mkononi. Walituonyesha huyu dada kabla ya kutuonyesha mtu yeyote wa Hawkins. Sasa unamwambiaje mtu aruke jibu la swali aliloulizwa dakika ya kwanza?

Millie Bobby Brown, aliyeigiza El, kaibeba ile episodi na alikuwa mtoto bado. Sina la kuongeza hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Kali akapotea, msimu wa 3 hayupo, msimu wa 4 hayupo, na huo wa 4 uliturudisha hadi kwenye maabara ile ile, watoto wana namba mikononi, namba nane hatumwoni. Mimi naamini zile kelele za watazamaji ndizo zilizomfukuza, maana ukipigiwa kelele kiasi kile na wewe unaanza kuogopa kazi yako. Alirudi msimu wa 5, mwaka 2025, baada ya miaka 8. Na sasa yule uliyemwambia aruke anamwona Kali anatokea, El anashtuka kuona dada yake, na yeye kakaa pale anauliza huyu ni nani.