Ndiyo, niliwaambia wageni watakufa wote

Kabla ile sauti aliyorekodi mpishi wangu haijamfikia mama yangu huko Marangu, acheni niseme mwenyewe. Nimeshuka Kilimanjaro jana kwa njia ya Mweka, magoti bado yanalalamika, na kila grupu la waongozaji Moshi linayo. Mpishi kasema wageni wote walilia. Muongo. Alilia mmoja.

Mnanijua na kauntabuku langu. Neno la mgeni likinipita sikioni naliandika, jioni nakariri: maana, kinyume chake, na vile vineno vidogo vya by, out na away vinavyotutesa. Sasa, Wamarekani wengi wanaokuja kupanda husema Kilimanjaro iko kwenye "bucket list" yao. Niliuliza, nikaambiwa ni orodha ya mambo ambayo mtu anatamani kuyafanya. Sawa. Siku nyingine nikamsikia mgeni akisema "kick the bucket". Hiyo sikuuliza. Akili ikapiga hesabu yenyewe: ndoo ndiyo ndoto yako, ukiitimiza unaipiga teke, kama mtu aliyemaliza kupiga deki. Nikaandika: kutimiza ndoto. Nikapigia mstari mwekundu.

Jumatano ya wiki iliyopita, jioni, tuko hotelini kwenye brifingi. Wageni wanne: mzee na mkewe, binti yao na mchumba wake. Wanakunywa supu. Mpishi kakaa pembeni anasubiri kuuliza nani hali nyama. Mama akauliza, kwa woga kidogo, kama kweli watafika.

Nikasimama. (Sijui kwa nini, brifingi zote huwa nimekaa.) Nikaweka mkono kifuani, nikashusha sauti kama mchungaji: "Mama, don't worry. In seven days, all of you will kick the bucket."

Kijiko cha mama kikabaki hewani. Hakikuanguka. Kilibaki tu, supu ikidondoka tone, tone, kwenye kitambaa cheupe. Mimi nikajua ni furaha.

Mzee akavua miwani. Akauliza taratibu: hao uliowaongoza mpaka sasa, ni wangapi waliofanya hivyo?

Jamani, mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Nikajibu kifua mbele: zaidi ya 200. Safari iliyopita peke yake ni wanne, mmoja ana miaka 70, "and he kicked it very fast, before breakfast".

Mchumba akaacha kutafuna. Nikaona niwafungulie ramani. Kidole kikatua Stella Point, mita 5,756, ukingoni mwa kreta, ambapo alfajiri wengine hupumzika na wengine hupita moja kwa moja kwenda kileleni, Uhuru. Hupita. Kauntabuku linasema: pass by, kupita karibu, pass away, kupita ukaenda zako.

"Here many people pass away. It is normal. We drink tea and continue."

Hapo ndipo mama alipolia. Nami, mtaalamu, nikatoa kipimo cha oksijeni nikamvisha kidoleni. Mapigo 131. Tuko Moshi, mtu kakaa kwenye kiti. Nikamwambia mlima umeshaanza kumshika.

Aliyeniokoa ni dada mhudumu, alikuja kutoa sahani akaninong'oneza: "Kaka, umewaambia watakufa wote."

"Lini?" nikauliza.

Ndiyo. Niliuliza lini. Msinirudishie kwenye komenti, mpishi ameshalirudia vya kutosha.

Basi, nikaomba radhi, binti akacheka hadi kwikwi, kisha akanieleza kwamba kick the bucket na pass away zote ni kufa, na hata ile orodha imepata jina kwenye hiyo ndoo ya kupigwa teke: ni mambo ya kufanya kabla hujafa. Yaani miaka yote watu wananitajia kifo chao, nami nawapongeza. Tukapita njia ya Machame, wote wakafika Uhuru, bahasha ilikuwa nzuri, yaishe. Ila mzee aliporudi kambi ya Barafu aliomba ndoo ya wagumu, yaani wapagazi wetu, apige picha. Akaipiga teke kweli. Barafu hakuna maji, vijana huyabeba kutoka kambi ya Karanga. Yalikuwemo, na yalikuwa ya uji wetu.

Leo asubuhi nimepita stendi. Kijana muuza maandazi, hata simjui, kaniona, kaikumbatia ndoo yake kwa mikono miwili: "Kaka, hii bado ina biashara."