Mahakamani hakuna adui

Juzi pale kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, kwenye kahawa, mzee mmoja anayegombania mpaka wa shamba la michikichi alituambia, "Jirani yangu sasa ni adui yangu kisheria." Nikamwambia: kisheria, mzee wangu, yule ni mdaiwa tu, yaani upande wa pili kwenye kesi ya madai. Kesi ikiisha, mtakaa benchi hili hili.

Hakunielewa, na simlaumu. Sisi adui tunampima kwa chuki. Sheria haiangalii moyo. Huko neno hili ni la vita, na linamfuata mtu kwa upande aliozaliwa au anakoishi, hata kama hajawahi kurusha jiwe. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya vita ya kwanza ya dunia, mashamba na nyumba za Wajerumani ziliwekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui, zikauzwa. Mkulima ambaye hakushika bunduki alipoteza shamba kwa sababu ya uraia wake. (Meli yetu Liemba nayo ilikuwa ya adui: Wajerumani waliiunganisha hapa Kigoma, wakaizamisha wenyewe 1916. Leo hakuna anayeiita hivyo.)

Ndiyo maana naliogopa neno hili, hasa mkoani kwetu. Watu wa Nyarugusu kule Kasulu wamekimbia Kongo na Burundi. Siku nchi zetu zikikosana, nani atasimama kusema hawa si maadui? Jibu limeandikwa tangu 1949. Ibara ya 44 ya Mkataba wa Nne wa Geneva, ule wa kuwalinda raia wakati wa vita, inakataza kumhesabu mkimbizi kuwa adui kwa sababu tu ya uraia wa nchi ambayo haimlindi tena. Waliiandika wakiwa na kumbukumbu mbichi: mwaka 1940 Uingereza iliwafungia kambini Wayahudi waliomkimbia Hitler, eti kwa kuwa ni Wajerumani.

Nikisikia mtu sokoni akimwita Mrundi adui kwa sababu kuku wameibwa, naona hatujafika hata 1949. Kuku akiibwa, mtafute mwizi. Huyo ana jina lake mahakamani: mshtakiwa. Na mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa, kitu ambacho adui wa vita hakuulizwa shamba lake lilipouzwa.

Mzee aliniuliza, "Kwa hiyo nimwiteje?"

"Mdaiwa."

Akakunja uso. "Neno lenyewe halina nguvu," akasema, akaagiza kikombe kingine.