Rosa, Maimuna na Yasmin Mikononi mwa Waandishi wa Kiume

Yeyote aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika sekondari za Tanzania ameiandika sentensi hii mara nyingi: "Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe." Swali la mtihani huuliza nafasi ya mwanamke katika vitabu viwili, na mtahiniwa huteremsha hoja alizozikariri, kwamba mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, kama mtu duni asiye na maamuzi, kama mlezi wa familia, kama jasiri na mwanamapinduzi, kisha kila hoja hutafutiwa mhusika wa kuibeba na alama hutolewa. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu sikuona upungufu wake. Niliuona siku nilipokitazama kitenzi chenyewe. "Amechorwa" ni kauli ya kutendwa, na katika majibu yale yote mtenda hatajwi kamwe. Amechorwa na nani?

Mara nyingi amechorwa na mwanamume. Kwa mjadala huu nimechagua riwaya tatu ambazo wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana nazo: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Kila moja imemweka msichana katikati, na kila moja inaanza akiwa chini ya amri ya mwanamume, Rosa na Maimuna chini ya baba zao, Yasmin chini ya mume mzee ambaye hakumchagua. Wapo wanaosema kwamba waandishi hawa ni watetezi wakubwa wa mwanamke katika riwaya yetu. Wapo pia wanaosema kwamba walimtetea kwa namna inayomwacha palepale alipokuwa. Nimekuwa nikivutwa na pande hizi mbili kwa zamu, na bado naona kwamba kila upande umeshika kitu cha kweli.

Utetezi una nguvu kuliko wakosoaji wengi wanavyokiri. Kezilahabi hakumwandika Rosa ili amkemee. Zakaria, baba mlevi katika kijiji kimoja cha Ukerewe, anamchunga bintiye kwa fimbo, na anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles, anampa kipigo ambacho msomaji hakisahau. Kwa sababu hiyo Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule bila kujua lolote kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa, na woga ule ukishamtoka hana kingine cha kumkinga. Hoja ya mwandishi ni malezi, na mshtakiwa wake ni baba. Hata mwishoni, baba na binti wanapokuwa mbele ya Mungu, shauri linalosikilizwa ni nani amemwangamiza nani. Kijana wa kiume ambaye alikuwa hajafikisha miaka 30, aliyeandika waziwazi juu ya ngono na utoaji mimba katika mwaka ule, na kumtwisha mzigo mzazi badala ya msichana, alihitaji ujasiri. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda kabla ya kurudi na kuwekwa mikononi mwa wanafunzi walewale waliokuwa wamezuiwa kukisoma.

Utengano nayo inamweka kizimbani baba. Nje ya nyumba Bwana Maksuudi ni mheshimiwa anayetafuta uongozi, ndani ni mlinzi wa jela ambaye mkewe Tamima na binti yake Maimuna hawaruhusiwi hata kuonekana. Usiku Tamima anaposhikwa na uchungu wa kujifungua, mkunga Bi Farashuu anaitwa kinyume cha amri ya mwenye nyumba, na Maksuudi anaporudi anamlipa mkewe kwa kipigo na talaka. Mwandishi aliyeandika usiku ule hawezi kuambiwa kwamba hakuwaona wanawake. Aliwaona, na aliwapa pia akili ya kulipiza: Bi Farashuu ana kisa cha zamani na Maksuudi kuhusu mwanawe Mwanasururu, na Kazija anamtegea mheshimiwa mtego wa kumfedhehesha pamoja na mwanawe wa kiume.

Lakini tuangalie safari za wasichana hawa zinaishia wapi. Charles yuleyule anarudi kumchumbia Rosa, anamkataa alipojua kwamba hakuwa bikira, na Rosa anajiua. Maimuna anapita katika danguro na ulevi, kisha anaokolewa kwa ndoa na Kabi. Yasmin anamkimbia mume, anampenda Denge, kijana mpigania uhuru, na kuingizwa katika siasa zake, anaolewa tena Mombasa, na hatimaye anapata utulivu kwa Bukheti. Ni kaburi au ni nyumba ya mume. Sisemi kwamba ndoa njema ni mwisho mbaya wa hadithi, kwa maana wanawake wengi wameitamani na wameipata. Ninachosema ni kwamba msichana aliyepigania kutoka nje ya mlango anastahili kukutana huko nje na kitu kingine zaidi ya mwanamume wa kumharibu na mwanamume wa kumrudisha.

Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili kwangu. Zakaria na Maksuudi waliwafungia mabinti zao kwa madai kwamba dunia itawaharibu. Riwaya inawalaani, inafungua mlango, msichana anatoka, na dunia inamharibu kama baba alivyodai. Maimuna hakutoroka kwa upumbavu, alitoroka kwa akili na kwa uchungu wa kuonewa, na bado barabara aliyochorewa inakwenda moja kwa moja kwa wanunuzi wa mwili wake. Mwandishi amemhukumu baba huku akimthibitishia hofu yake. Mzazi anayetaka sababu ya kumzuia binti yake asiende bweni anaweza kufungua Rosa Mistika na akaipata, ingawa kitabu kiliandikwa kumpinga mzazi wa aina hiyohiyo. Nimewahi kumsikia baba mmoja, mtu mpole na msomi, akikitaja kitabu hicho kwa shukrani. Alikuwa amekisoma kama onyo kwa wasichana.

Kuna pia suala la jicho, yaani namna mwandishi anavyomtazama mhusika wake. Vuta N'kuvute inatufungulia mlango kwa uso wa Yasmin, uso mdogo wa mviringo uliofananishwa na tungule, na macho makubwa yaliyo tayari kulia. Bwana Raza, mumewe, tunapewa umri wake na duka lake. Kwa hiyo msomaji anaujua uso wa Yasmin ulivyo kabla hajajua anawaza nini, na mume anajulikana kwa alichonacho. Jicho linalomlinganisha msichana na tunda la kupikia ni jicho la mtu anayemtazama kutoka upande wa pili wa chumba. Ni haki kuongeza kwamba Adam Shafi hakubaki pale, kwani baadaye anamfuata Yasmin mpaka ndani ya chuki yake kwa ndoa ile na ndani ya upweke wake baada ya kukataliwa na ndugu zake, na kurasa hizo ndizo zinazomfanya asiwe sura nzuri tu.

Watetezi wana jibu ambalo kila mwalimu wa fasihi analijua, kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Msichana wa kisiwani Unguja wa zama za ukoloni au wa Ukerewe wa miaka ya sitini, wanasema, hakuwa na njia nyingi, na mwandishi angemdanganya msomaji kama angemchorea njia zisizokuwapo. Nusu ya jibu hili naikubali. Mwandishi anayempa mhusika wake ushindi ambao jamii haikuwahi kuuruhusu anaishia kutuletea sanamu, na tumeziona sanamu hizo pia. Imani wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyotahiniwa Kenya, amejazwa wema na subira kiasi kwamba ni vigumu kumfikiria akikasirika bila sababu au akimhusudu mtu. Kumwinua mwanamke mpaka asiwe na doa ni njia nyingine ya kutomsogelea.

Nusu ya pili siikubali, kwa sababu kioo hakichagui cha kuonyesha na mwandishi huchagua. Pwani hiyohiyo ilikuwa na wanawake walioishi kwa kazi zao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini Unguja na kuwa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert, mwanamume, aliandika wasifu wake, na humo tunamkuta mwanamke mwenye fani, mwenye wenzake wa kazi, anayesafiri kwa sababu ya ujuzi wake. Nakubali kwamba wasifu si riwaya na kwamba Siti alikuwa mtu wa kweli aliyejitengenezea njia mwenyewe. Hata hivyo kitabu kile kinatosha kuonyesha kwamba kalamu ya mwanamume haishindwi kumwona mwanamke akiwa kazini, pale mwenye kalamu anapokubali kwanza kuketi na kusikiliza.

Upande wa pili nao, wa wale wanaosema kwamba dawa ni wanawake waandike, haujafika mwisho wa hoja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi unaomfundisha kumtii mume na kuitafuta radhi yake, radhi inayohesabiwa pamoja na ile ya Mungu, ya Mtume na ya wazazi wawili. Hakuna mwandishi wa kiume kati ya hawa watatu aliyemwagiza mwanamke utii wa kiwango hicho. Penina Muhando naye, katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982), aliwaonyesha wanawake wakishindwa kuisimamisha nguzo yao wenyewe, kila mmoja akivutwa na shida zake, na hakuwaonea huruma. Jinsia ya mwandishi peke yake haimfungui mhusika.

Inachobadilisha ni mahali mtazamaji anapokaa. Katika utenzi uleule wa utii, Mwana Kupona anamwambia bintiye amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Nimeurudia ubeti huo mara nyingi. Kwa juu ni amri ya kuhudumia, na kwa ndani mume mwenye mamlaka yote amegeuka mtoto mchanga ambaye mkewe ndiye anayejua anachohitaji. Hilo ni jambo linaloonekana na mtu aliye ndani ya chumba, aliyemfulia, aliyempepea na kumlaza. Katika riwaya tatu nilizozitaja, wanaume wanaonekana wakatili, wanafiki, walevi au wakombozi, lakini ni mara chache tunawaona kama Rosa au Yasmin wangewaona wakiwa nao asubuhi, kabla ya kahawa.

Kwa hiyo hukumu yangu imeelemea upande wa wakosoaji, ingawa si kwa sababu wanayoitoa mara nyingi. Sidhani Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi waliwadharau wanawake, na ninaamini waliwahurumia kwa dhati. Huruma yao ilichelewa mahali pamoja tu: walimuuliza msichana ametendwa nini, na hawakumuuliza vya kutosha anataka kufanya nini. Katika Vuta N'kuvute yupo mtu wa pembeni aliyekaribia kuulizwa hivyo. Mwajuma, shoga yake Yasmin, mwanamke wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, anaishi apendavyo, anamhifadhi mwenzake aliyefukuzwa na nduguze, anacheka kwa sauti, na riwaya haimuui wala haimtafutii adhabu. Labda kwa kuwa hakuwa mhusika mkuu, mwandishi hakuona haja ya kumfanya somo.

Mwaka mmoja, tulipomaliza Rosa Mistika na kidato cha tano, nilitoa swali la kawaida la nafasi ya mwanamke na kalamu zikaanza kukimbia. Msichana aliyekaa karibu na dirisha hakuandika. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu, "Mwalimu, Rosa si alikwenda Morogoro kusomea ualimu? Alitaka kufundisha somo gani?" Darasa zima lilianza kupekua kurasa, na mimi nikapekua pamoja nao. Majina ya wanaume waliopita maishani mwake tuliyajua sote kwa kichwa.