Mvua za Kgalagadi hazikuharibu safari

Ndugu Mhariri, habari yenu imeeleza kwamba baadhi ya wageni waliozuru Kgalagadi, hifadhi ya jangwani iliyo mpakani mwa Afrika Kusini na Botswana, wamerudi wakinung'unika kuwa mvua nyingi ziliwanyima wanyama. Nami niliwahi kufika huko kutoka hapa Dar es Salaam baada ya msimu kama huo, na sikubaliani nao.

Ni kweli kwamba wakati wa ukame wanyama hukusanyika kwenye maji yaliyochimbwa kando ya mikondo mikavu ya mito Auob na Nossob, ambako ndiko barabara kuu zinakopita. Lakini mvua ikinyesha vizuri, nyasi huota hadi juu ya matuta ya mchanga mwekundu, matikiti mwitu hutambaa kila mahali, na choroa, ambaye hupata maji ndani ya matunda hayo, hana tena sababu ya kushuka bondeni. Nilikaa siku mbili bila kumwona simba hata mmoja. Hata hivyo, niliona bonde zima likiwa la manjano kwa maua ya mbigili (mmea ambao wengi wetu tunaujua kwa miiba yake tu), na ndege wadogo wakiongeza majani kwenye kiota kimoja kikubwa walichokijenga kwa pamoja juu ya mgunga.

Anayetaka simba kwanza apange safari yake Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza, na mwandishi angewaeleza wasomaji hivyo.