Wateja Nisiowafahamu

Mwizi wa kuku ana adabu zake: akishamla kuku wako hakugongei geti kulalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu. Adabu hiyo, nasikitika kuwataarifu, haijawafikia watumiaji wa intaneti ya watu hapa Tabata, Dar es Salaam, kwa maana jana, taarifa ya habari ya saa mbili ikiwa haijamalizika, niligongewa na kijana nisiyemfahamu, amevaa koti la bodaboda na simu i mkononi, akaniamkia kwa heshima zote na kusema, “Shikamoo baba. Samahani kwa usumbufu. Tulikuwa tunaomba uizime ruta yako halafu uiwashe tena, imeganda.”

Nilichungulia nje. Chini ya dirisha la sebule yangu, kwenye ukuta nilioujenga kwa mkopo, walikuwa wameketi wenzake kwa mstari, nyuso zao zinang’aa kwa mwanga wa simu, wakinitazama kwa subira ya wateja waliokwisha kulipa. Ndipo nilipoelewa kwa nini kijiwe chao kiliuhama mwembe wa kona na kivuli chake, jambo ambalo nilikuwa nimemweleza Mama Neema kuwa ni dalili ya ulinzi shirikishi.

Mtandao wangu hauna nywila si kwa sababu mimi ni mkarimu. Hauna kwa sababu fundi aliyeufunga alisema angerudi kesho yake kuiweka, na mafundi mnawajua.

Nilimjibu kijana kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Nilimweleza kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 4, inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali, na kwamba faini yake haipungui shilingi milioni 3, au ni kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akauliza, “Sasa baba, hapo isivyo halali inaingiaje? Simu iliomba, ruta ikakubali. Ingekataa tungeondoka.”

Nikaona nimpeleke ng’ambo, ambako hoja huwa na uzito zaidi. Nikamtajia mtu wa London aliyetozwa pauni 500 mwaka 2005 kwa kutumia mtandao wa wenyewe bila ruhusa, na mwingine wa Michigan, nchini Marekani, aliyetozwa dola 400 na kupewa saa 40 za kuitumikia jamii mwaka 2007, eti kwa kukaa ndani ya gari lake nje ya mkahawa na kusoma barua pepe kwa mtandao uliowekwa kwa ajili ya wateja wanaokunywa kahawa. Kijana akaniomba nimpe dakika ahakikishe. Akahakikisha, ndugu zangu, kwa intaneti yangu, akiwa amesimama getini kwangu, ili apate hoja za kunishinda mimi niliyeilipia! Akakutana na Bruce Schneier, bingwa wa usalama wa kompyuta wa huko huko Marekani, ambaye mwaka 2008 aliandika kwamba mtandao wa nyumbani kwake anauacha wazi kwa makusudi, na kwamba kwake hilo ni sehemu ya ustaarabu, sawa na kumpa mgeni kikombe cha chai. Alipotaka kunionyesha maneno yenyewe, ukurasa ukakwama katikati. “Unaona sasa, baba,” akasema kwa upole. “Ndiyo shida iliyotuleta.”

Niliingia ndani nikaizima ruta, nikaiwasha. Nilifanya hivyo kwa faida ya familia yangu, na makofi yaliyosikika kutoka ukutani sikuyaomba.

Niliporudi getini kufunga, nikamkuta amezima waifai na anatuma pesa kwa bando lake mwenyewe. Nikamuuliza kulikoni, au huduma bado hairidhishi. Akajibu, “Hapana baba, iko vizuri. Ila mambo ya hela siyafanyii kwenye mtandao wa mtu nisiyemjua. Watu wa siku hizi si waaminifu.”

Nilikosa la kumjibu, na ubaya wake ni kwamba kijana anasema kweli. Mtandao usio na nywila kwa kawaida hausimbi chochote hewani, yaani hauyageuzi yanayopita kuwa mafumbo, na mtu yeyote aliye jirani, akiwa na programu ya bure, anaweza kuyadaka yanayopita; mwaka 2010 ilitolewa programu iitwayo Firesheep, ya kupachikwa kwenye kivinjari cha Firefox, ambayo ilimwezesha hata asiye mtaalamu kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya aliyeketi meza ya pili. Tangu hapo tovuti nyingi zimejifunga kwa usimbaji wake zenyewe, kwa hiyo maandishi hayasomeki, lakini jina la tovuti unayoitembelea mara nyingi bado huonekana. Isitoshe, simu ikishauzoea mtandao usio na nywila huutambua kwa jina tu, hivyo tapeli akiwasha kifaa chake na kukipa jina lilelile, simu itajiunga naye bila kukuuliza.

Mimi hatari yangu ni nyingine. Kule nje kwenye intaneti sisi sote, mimi na ukuta mzima, tunaonekana kama mtumiaji mmoja, na mtumiaji huyo mkataba wake una jina langu, namba ya kitambulisho changu na saini yangu. Siku mmoja wao akifungua akaunti bandia ya kuwatapeli watu kwa mikopo hewa, atakayeulizwa kwanza ni baba mwenye ruta.

Kwa wasiwasi huo nilifungua ukurasa wa ruta ili niwaone wageni wangu. Nikakuta Tecno ya Shemeji, nikakuta Mama Junior, nikakuta kishikwambi cha mtoto ambaye saa ile alipaswa kuwa amelala, na katikati yao nikakuta televisheni. Mwenye simu naweza kumsamehe, anapita njiani. Televisheni inapita kwenda wapi? Televisheni imetundikwa ukutani kwa mtu, ina mwenyewe, na mwenyewe ana ving’amuzi viwili na gari.

Leo nimemleta fundi mwingine, ameweka nywila ya WPA2, aina ya ulinzi wa waifai unaosimba yanayopita, na amenitoza nauli ya kuja na kurudi ingawa anaishi nyuma ya msikiti. Vijana wameipokea habari hiyo kwa utu uzima: wamemtuma yuleyule kuniuliza kama wanaweza kuchanga shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki. Nimemwambia mkataba wangu unakataza kuuza huduma, naye akanishauri kwa sauti ya chini nisiwe naisoma sana mikataba. Mama Neema ameshapiga hesabu.

Mwenye televisheni hakutuma mtu. Nimekutana naye dukani jioni hii, akanishika bega, akaanza kunilalamikia jinsi kampuni za intaneti zinavyotunyonya wananchi, kwamba tangu mchana mtandao wa mtaa huu umekatika na hakuna hata tangazo, na kwamba mtu mzima kama mimi, ninayejua kuandika, ningefaa niwaandikie barua kali.