Lori Limezeeka, Mlima Bado Kijana

Kuna watu wakiona lori linapanda mlima polepole, linafuka moshi mweusi, na nyuma yake foleni ya magari kumi na saba, wanadhani dereva ana raha. Wanadhani mwendo ule nimeuchagua. Wanapiga honi. Jamani, honi ya nini? Kwani kuna mwendo mwingine nimeuficha chini ya kiti?

Mguu wangu uko sakafuni. Uko sakafuni tangu kona ya kwanza, na yale matundu ya kutu yangekuwa makubwa kidogo tu, ningekuwa nakanyaga lami.

Lori langu ni dizeli ya zamani. Halina kompyuta, halina tabo ya kuisukumia injini hewa, halina taa inayokuambia kitu. Ukifunua boneti unaiona injini yote, na chini yake unaiona barabara. Mafundi wanalipenda kwa sababu linatengenezeka kwa spana tatu na nyundo. Mimi pia nalipenda, tukiwa tambarare. Kwenye tambarare sisi ni watu wa heshima zetu, tunakwenda, tunapigiwa taa za salamu. Shida ni mlima. Na nyuma nimefunga tela, na ndani ya tela kuna saruji. Lori, tela, saruji, mimi na utingo tukipandishwa kwenye mzani bila upendeleo tunagonga tani 20.

Tajiri mwenye lori anaamini kwamba nguvu za injini ni kama kitambulisho, ukishapewa ni zako popote uendapo. Nimemweleza mpaka mate yamekauka. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, kama mimi na yeye. Kila unapopanda mita 1000, hewa inakuwa nyepesi kwa asilimia 10 hivi. Ukifika mita 2000, karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa uliyoizoea haipo. Sasa ile pampu ya dizeli ya kizamani haina habari. Haijui kama tuko bondeni au mawinguni, inamimina mafuta yale yale. Mafuta mengi, hewa haba, yanayobaki bila kuungua vizuri yanatokea nyuma yakiwa meusi. Ule moshi mnaotutukania ni dizeli niliyoijaza kwenye tangi kwa mkono wangu, inakwenda zake bila kufanya kazi, na mimi ndiye nitakayeulizwa imekwenda wapi.

Maana nitaulizwa.

"Umenunua mafuta mara mbili."

"Kuna mlima, bosi."

"Mlima unakunywa dizeli?"

Unakunywa! Nina mpwa wangu anasoma fizikia, siku moja nilimkalisha chini na karatasi. Akapiga hesabu: kunyanyua tani 20 kwa mita 1000 kwenda juu, kunyanyua tu, hapo bado ubishi wa matairi na upepo, ni lita 16 hivi, kwa sababu injini yenyewe ikipewa lita tatu inafanya kazi ya lita moja na mbili zinapotea kama joto. Nikaichukua ile karatasi, nikaikunja vizuri, nikampelekea tajiri. Akaisoma yote. Akauliza, "Huyu mpwa wako naye mnagawana?"

Tuache hayo. Nirudi kwenye mlima wa juzi.

Pale chini kabisa, kabla ya kona ya kwanza, tulimpita mzee mmoja anatembea kwa miguu, ana fimbo na kifurushi. Nikamwamkia kama kawaida, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, safari njema, asante. Tukaachana vizuri. Mimi nikaingia gia ya kwanza, kilomita 8 kwa saa, injini inaunguruma kama inagombana na mtu.

Barabara ile inapanda kwa kona za kujikunja, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mtu wa miguu hana shida na hizo kona. Ana njia yake ya mkato, anakata moja kwa moja kupitia majani. Tunafika kona ya pili, mzee yupo, amesimama anafuta jasho. Nikamwamkia tena, ingawa kwa sauti ndogo. Kona ya tatu, yupo, amekaa juu ya jiwe. "Tumeonana tena," akasema. Nikacheka kidogo. Kona ya nne alituinulia fimbo tu. Kona ya tano mimi mwenyewe nilijifanya nasoma geji ya joto.

Kama kuna mtu anafahamu salamu inayotolewa kwa mtu uliyemwamkia mara nne ndani ya nusu saa, na wewe ndiye mwenye gari, naomba anifundishe.

Na ile geji niliyojifanya naisoma, nilipoisoma kweli, nikakuta mshale umelala upande mwekundu.

Nieleze jambo la kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, maana limenikaa rohoni. Ni kitu kidogo, kinaingia mfukoni. Watu wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake ni kubana presha. Maji ya sufuria usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 100, lakini mita 2000 juu yanachemka kwenye 93. Kifuniko kizima kinayabana, yanapita 100 bila kuchemka. Kifuniko kilicholegea hakibani kitu, na unapanda juu zaidi, injini inazidi kupata moto, huku maji yenyewe yanazidi kuwa mepesi wa kuchemka. Nimeomba kifuniko kipya tangu masika. Tajiri akasema hali ngumu.

Wiki hiyo hiyo akamwita mchoraji, akaandikisha nyuma ya tela, kwa rangi nyekundu na kivuli cha njano: HAMNIPATI NG'O.

Hebu fikiria. Magari kumi na saba, saa nzima, kilomita 8 kwa saa, na mbele ya macho yao hakuna kingine cha kusoma.

Lori likachemsha. Kabla halijachemsha kabisa nilifanya ile dawa ya wazee: nikafungulia hita ya kabini mpaka mwisho, maana nayo ni rejeta ndogo, inapunguza joto la injini kidogo kwa kutuletea sisi. Jua la saa saba, hita imefunguliwa, mimi na utingo tunatiririka kama tumenyeshewa. Haikutosha. Nikatafuta sehemu pana, nikaegesha, utingo akaruka na gogo lake akalisokomeza nyuma ya tairi kabla sijamaliza kuvuta hendibreki. Huyo kijana namlaumu kwa mengi, lakini kwa gogo sina neno naye.

Kisha likaja lile kosa la vijana wote: akachukua kitambaa, akaelekea kwenye kifuniko.

"Wee! Ukikifungua sasa hivi utarudi kwenu bila sura."

"Nilitaka nichungulie tu, kaka."

"Chungulia kwa masikio."

Tukasikiliza. Rejeta ilikuwa inanguruma tumboni. Tukakaa dakika arobaini. Wale kumi na saba wakatupita mmoja mmoja, na kila mmoja alipunguza mwendo, si kwa huruma, ni ili tuonane macho. Wa mwisho alishusha kioo, akasema, "Tumekupata."

Mzee naye akafika. Akalizunguka lori, akaligonga tairi kwa fimbo, akauliza kama tumekufa. Nikamwambia hapana, tunapoa. Nikamkaribisha apande, kwa adabu tu, nikijua atakataa. Akakubali. Akasema magoti yanamuuma. Basi tukamalizia mlima watatu, mzee katikati, na kona zilizobaki hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu, aibu yenyewe tulikuwa tumeipakia.

Kileleni mzee akapiga makofi. "Haya, sasa raha," akasema, "mteremko."

Hapo ndipo watu wasioendesha malori wanaponiudhi kuliko kwenye honi. Kupanda ni fedheha, lakini hakuna aliyekufa kwa fedheha. Kupanda, lori likishindwa linasimama. Kushuka, likishindwa ndipo linapokimbia. Zile lita 16 nilizopanda nazo, kazi yake haikupotea, iko pale juu imekaa ndani ya saruji inakungoja. Mpwa wangu alipiga na hesabu hiyo: tani 20 kushuka mita 1000 zinaachia joto la kuchemsha karibu mapipa matatu ya maji baridi, yale ya lita 200. Sehemu inaondoka na upepo na matairi, sehemu injini inaibeba, inayobaki yote inaingia kwenye breki. Yaani kila gurudumu langu linapewa maji lichemshe, na maji yenyewe hakuna.

Sheria ya wazee wa barabara ni moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na uiingize kileleni, ukingali na akili zako. Dizeli kwa asili haikuzuii sana unapoachia mafuta, kwa sababu haina kizibo cha kubana hewa kama petroli. Ndiyo maana malori yanawekewa breki ya eksozi, kile kibati kinachoziba njia ya moshi injini ikose pa kupumulia, ishike. Langu linacho. Kimeganda kwa masizi, kiko wazi, na kitakuwa wazi mpaka siku ya kiyama.

Wala tusidhani taabu hii ni ya masikini peke yake. Clessie Cummins, yule Mmarekani aliyekuwa akitengeneza injini za dizeli mwenyewe, mwaka 1931 alikuwa ndani ya lori lake linateremka mlima wa Cajon Pass kule California, breki zikamwishia. Chini kule treni ya mizigo ilikuwa inakatiza barabara. Walipita nyuma ya behewa la mwisho kwa kuponea chupuchupu. Hofu ile haikumtoka. Baadaye akabuni breki inayotumia injini yenyewe: inabana hewa, halafu kabla haijarudisha ile nguvu inaiachia itoke. Ikaingia sokoni mwaka 1961. Miaka thelathini, na huyo alikuwa na kiwanda. Mimi nina utingo na gogo.

Tajiri ana ushauri wake: "Ukishuka weka fri, uokoe mafuta." Bosi wangu, nakuheshimu. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa, pampu inakata mafuta yenyewe, injini inasukumwa bure na mlima. Ukiweka fri ndipo inapokunywa ili isizime. Kwa hiyo unalipa mafuta ili ufe.

Sheria naijua, na bado tukashuka na gia ya pili. Nabonyeza breki kwa nguvu, lori linatulia, naachia zipoe, nabonyeza tena. Tela nyuma linasukuma, unalisikia kiunoni, kama mtu kwenye foleni aliyechoka kungoja. Mzee alikuwa anasimulia habari za mashamba. Kona ya tatu akanyamaza. Akanusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Breki, babu," utingo akamjibu.

"Zinapikwa?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu pale mguu wangu ulikuwa unasoma habari nyingine. Dramu ya breki ikipata moto inatanuka, inakimbia kutoka kwa breki shuu zinazoibana kwa ndani, kwa hiyo pedali uliyokuwa ukiikuta juu sasa unaifuata chini. Kila nikibonyeza, inakaa chini kidogo kuliko mwanzo. Nikashuka mpaka gia ya kwanza mapema, injini ikapiga kelele hata mzee akaziba masikio, lakini ikashika. Kilomita 8 kwa saa kupanda, kilomita 8 kwa saa kushuka. Nikaanza kusikia honi nyuma. Sikuwahi kufurahia honi kiasi kile, maana zilikuwa zinathibitisha kwamba bado niko polepole.

Mzee akamwinamia utingo, akamuuliza kwa sauti ya chini mlango wa upande ule unafunguliwaje.

Tulipofika tambarare nikaliacha lori lijibiringishe lenyewe mpaka likasimama. Magurudumu ya tela yanafuka. Utingo akaweka gogo, ingawa pale hata yai lisingebiringika. Mzee alishuka taratibu, akasimama kwenye majani, akakanyaga mguu mmoja, akakanyaga na wa pili, kama anayejaribu viatu vipya. Akanishukuru kwa heshima. Kisha akatazama saa ya utingo, akahesabu kwa vidole, akasema angetembea angekuwa amefika.

Simu ikaita. Tajiri.

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza mlima, bosi."

"Breki zipo?"

Nikachungulia kwenye kioo cha pembeni. Utingo alikuwa ameinama kwenye gurudumu la tela, analipepea kwa kofia.

"Zipo," nikasema. "Zinapepewa."